Vifaa vya Ufundi na Vitu vya Ajabu kwenye Begi la Mkononi: Mwongozo Kamili wa Kupita Ukaguzi wa Ndege

Anayefuma, anayedarizi, anayechora au kuchonga hasafiri mikono mitupu. Safari ndefu kwake ni saa za kazi bila mtu wa kumsumbua, na vifaa vyake anavitaka karibu, si ndani ya sanduku ambalo linaweza kufika siku mbili baada yake. Basi anafika kwenye mashine ya eksirei na begi lenye sindano, mkasi, chupa za gundi, bonge la udongo na betri ya taa ya kushonea, na hapo ndipo maswali yanapoanza.

Vitu vingi vinavyoishia kwenye pipa la ukaguzi havikukatazwa kupanda ndege. Vilikuwa tu kwenye begi lisilo sahihi. Kwa hiyo kabla hatujaingia kwenye kitu kimoja kimoja, shika kanuni hii: chenye makali kinakwenda chini, betri inapanda juu, kinachowaka kinabaki nyumbani. Chini ni lile sanduku unalolikabidhi kaunta likapakiwa tumboni mwa ndege. Juu ni begi unaloingia nalo mwenyewe. Yanayofuata ni ufafanuzi wa kanuni hiyo, pamoja na mahali inapopinda.

Hatua ya 1: Jua nani anaamua

Kitu kimoja hupita kwa walinda mlango watatu, na ruhusa ya mmoja haimfungi mwenzake.

Wa kwanza ni ukaguzi wa usalama wa nchi unayopandia ndege. Marekani ni TSA. Nchi za Umoja wa Ulaya zina orodha ya pamoja. Uingereza, Kanada, Australia na nyinginezo kila moja ina yake. Hawa wanajiuliza kama kitu hicho kinaweza kumdhuru mtu ndani ya ndege. Wa pili ni shirika la ndege, ambalo linaangalia vipimo, uzito na bidhaa za hatari. Kwenye bidhaa za hatari mashirika hufuata kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, na majedwali ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ndiyo maana sheria za betri zinafanana karibu dunia nzima ilhali za mikasi zinapishana. Wa tatu ni forodha na wakaguzi wa mazao na wanyama kule unakoshukia. Huyu ndiye anayesahaulika, na hutoza faini.

Ukibadilisha ndege njiani unaweza kukaguliwa upya. Panga begi kwa sheria ya kiwanja kilicho kikali kuliko vyote utakavyopita, siyo kwa kile cha kwanza. Fikiria na kurudi pia: mkasi uliopita vizuri wakati wa kwenda unaweza kukataliwa wakati wa kurudi, na huko huna ndugu wa kumwachia.

Wiki ya safari, fungua ukurasa wa mamlaka ya kila nchi utakayopandia ndege. TSA inakuruhusu kutafuta kitu kwa jina lake na kuona kama kinakwenda juu, chini au hakiendi kabisa. Piga picha ukurasa huo uuweke kwenye simu. Hautakushindia ubishi, maana TSA yenyewe huandika kwamba uamuzi wa mwisho ni wa afisa aliye kwenye mstari, lakini unampa afisa aliyechoka kitu cha kumwonyesha msimamizi wake badala ya kukisia.

Hatua ya 2: Tandaza kila kitu kitandani kabla ya kufungasha

Usipange kutoka kichwani. Mwaga kikapu cha kazi chote, pamoja na vifuko vidogo vya pembeni, kwa sababu mvunja sheria mkubwa huwa ni kitu kidogo ulichosahau kwamba unacho: kijembe cha ziada cha kisu cha karatasi, kiberiti cha gesi cha kuchomea ncha za uzi wa nailoni, betri ya zamani isiyo na kifuniko. Kisha gawa mafungu matatu kufuata ile kanuni. Fungu la nne litajitokeza lenyewe, la vitu usivyokuwa na hakika navyo. Hilo ndilo la kulifanyia utafiti, na mara nyingi huwa dogo kuliko ulivyoogopa.

Chagua pia kazi inayofaa kiti cha ndege. Fremu kubwa ya kudarizia itampiga jirani kiwiko. Shanga ndogo zikidondoka zitabiringika hadi safu ya mbele na hutaziona tena. Soksi, kofia, kipande cha kroshia au darizi ya ukubwa wa kiganja, hizo ndizo kazi za angani.

Hatua ya 3: Vyenye ncha na makali

Tuanze na habari njema. Sindano za kufumia na za kroshia zinaruhusiwa kwenye begi la mkononi Marekani na Uingereza, na haziko kwenye orodha ya marufuku ya Umoja wa Ulaya. Sindano za kushonea pia hupita. Hata hivyo kuna wakaguzi, hapa na pale, ambao wakiona chuma kirefu chenye ncha hawataki maelezo. Ushauri wangu ni sindano za mviringo, zile fupi mbili zilizounganishwa kwa waya wa plastiki, na ziwe za mianzi au mbao. Hazitishi machoni, hazimchomi jirani, na ikianguka moja haipotei chini ya kiti kwa kuwa imefungwa na mwenzake.

Sasa fikiria mkaguzi amezichukua. Sindano utanunua nyingine. Kinachouma ni vishono mia mbili vikichomoka kwa mpigo mmoja. Kinga yake ni ya dakika tano. Usiku wa kuamkia safari, chukua sindano butu ya sufu, tia uzi mwembamba wa pamba wenye rangi tofauti na kazi yako, kisha upitishe ndani ya kila kishono kilicho kwenye sindano ya kufumia, kimoja baada ya kingine, bila kuvitoa. Acha mkia wa shubiri moja kila upande na ufunge fundo legevu. Hata sindano ikichomolewa mbele ya macho yako, kazi itabaki imesimama kwenye ule uzi, na ukifika utavirudisha vishono mahali pake. Wenye sindano za kufungua na kufunga wana njia rahisi zaidi: fungua ncha, weka vizibo kwenye waya, na ncha zisafiri peke yake.

Mikasi ndiyo yenye utata. Marekani inaruhusu makali yasiyofika inchi 4, yaani kama sentimita 10. Umoja wa Ulaya, Uingereza na Kanada mpaka ni sentimita 6. Kipimo hakianzii kwenye mpini. Kinaanzia kwenye ile skrubu inayounganisha pande mbili hadi kwenye ncha. Weka rula juu ya skrubu, fungua mkasi kidogo, soma. Mkasi wa kudarizi wa kawaida huwa na makali ya sentimita 3 hadi 5, hivyo unaingia kwenye vipimo vyote viwili. Uweke ndani ya ala yake au uchomeke ncha kwenye kipande cha kizibo, na usibebe mkasi wa urithi wa bibi. Beba ule ambao ukichukuliwa hutalala njaa. Marekani iliulegezea mkasi masharti haya Desemba 22, 2005, baada ya ukali uliofuata mashambulizi ya mwaka 2001, lakini si kila mkaguzi duniani ana moyo uleule.

Kuna kitu kimoja kinachowashangaza wengi. Kile kikatia uzi cha duara kinachovaliwa shingoni kama kidani, chenye wembe uliofichwa ndani, TSA inakikataa kwenye begi la mkononi, ilhali mkasi wenye makali marefu zaidi unapita. Sababu yake ni wembe: ganda likivunjwa, ndani kuna kijembe kizima. Kwa hoja hiyohiyo kisu cha gurudumu cha kukatia vitambaa, kisu cha karatasi cha kusukuma na nyembe zilizo huru vyote ni vya chini. Mbadala bora wa kukata uzi angani ni kikatia kucha. Hakuna anayekitilia shaka, na kinakata uzi karibu kabisa na kitambaa.

Zana za chuma zina vipimo vyake. TSA inapima urefu wote wa zana, na inakubali hadi inchi 7, kama sentimita 18. Ulaya inaangalia makali au shina la chuma la zana, lisizidi sentimita 6. Plaizi ndogo za kupinda waya wa shanga zinatosha kwenye vyote viwili. Nyundo, msumeno, patasi, visu vya kuchongea na mashine ya kutobolea havina mjadala, vinakwenda chini. Ila usivitupe tu sandukuni: sanduku la chini nalo hufunguliwa, na mtu atakayetia mkono humo haoni. Visha kila makali kadibodi, zungushia utepe wa gundi, kisha viringisha kwenye taulo.

Hatua ya 4: Gundi, rangi na vimiminika vingine

Kanuni ya mililita 100 ilizaliwa mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kuvunja Agosti ya mwaka huo njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Tangu hapo kila chombo kisizidi mililita 100, na vyote vikae ndani ya mfuko mmoja wa plastiki unaoona ndani, wa lita moja. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chombo. Tyubu ya mililita 150 iliyobaki robo itakataliwa, hata ukiibinya mbele yao waone ilivyokonda.

Baadhi ya viwanja vya Uingereza na Ulaya vyenye mashine mpya za CT, zinazolipiga begi picha kutoka pande zote, sasa vinaruhusu vyombo vikubwa zaidi, vingine hadi lita 2. Usijenge safari juu ya hilo. Kiwanja cha kurudia kinaweza kuwa bado na mashine ya zamani, na chupa yako ya gundi nyeupe ikaishia hapo.

Kwa fundi, kimiminika ni zaidi ya maji. Gundi nyeupe, rangi za akriliki, wino, jeli ya kuchanganyia rangi na losheni ya kulainishia ngozi vyote vinaingia kwenye ule mfuko wa lita moja. Rangi za maji za vidonge vikavu haziingii, na ndizo ninazompendekezea yeyote anayetaka kuchora ndani ya ndege. Nunua na brashi yenye tangi la maji kwenye mpini; ibebe tupu, ijaze maji ukishapita ukaguzi.

Rangi za mafuta zinahitaji uelewa kidogo. Watu wa usafiri wa anga wanaangalia kiwango cha kuwaka, yaani joto ambalo mvuke wa kitu unaweza kushika moto ukikutana na cheche. Kimiminika ambacho mvuke wake unashika moto katika nyuzi 60 za Selsiasi au chini ya hapo kinahesabiwa kuwa bidhaa ya hatari. Asetoni inashika hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Tapentaini ni karibu na nyuzi 35, joto la mchana wa kawaida mahali pengi. Mafuta ya kitani, ambayo ndiyo yanayochanganywa kwenye rangi za wasanii, yanapita nyuzi 200. Kwa hiyo tyubu ya rangi yenyewe haina kosa. Mwenye kosa ni mwenzake anayetembea naye. Tapentaini, thina, vanishi na kisafishia brashi chenye kuyeyusha haviruhusiwi juu wala chini. Nunua kule uendako, na kabla ya kuondoka osha brashi kwa sabuni hadi zisinuke.

Utamthibitishiaje mkaguzi? Kila mtengenezaji wa rangi anayejiheshimu hutoa karatasi ya usalama ya bidhaa, na inapatikana kwenye tovuti yake. Sehemu ya 9 ina kiwango cha kuwaka, sehemu ya 14 inaeleza kama bidhaa imewekewa masharti ya usafiri. Chapisha kurasa hizo mbili tu, piga mstari chini ya namba, zikunje ndani ya mfuko wa rangi. Mkaguzi akiuliza, jibu kwamba ni rangi za msanii zilizotengenezwa kwa mafuta ya mimea. Ukijibu kwa neno moja tu, "rangi", wengi watafikiria ndoo ya rangi ya nyumba na harufu yake.

Vya kuacha nyumbani bila kujadiliana: rangi za kupuliza, gundi za kupuliza na dawa ya kupuliza ya kukazia mchoro wa mkaa, gundi ya viatu yenye harufu kali, kikazio cha rezini, kwa kuwa vingi vyake vinaunguza ngozi, blichi ya kufifishia kitambaa, na mtungi wa gesi wa aina yoyote, hata ule mdogo unaotumika kwenye kifaa cha kulehemu risasi.

Kimoja cha mwisho kuhusu chupa. Ndani ya ndege hewa huwa nyepesi kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, hivyo hewa iliyonaswa chupani hutanuka, wakati mwingine kwa karibu theluthi. Ndiyo maana tyubu iliyofungwa vizuri nyumbani inatema rangi ukiifungua angani. Bonyeza tyubu au chupa laini hadi hewa itoke ndipo uzungushe kifuniko. Kalamu ya wino ijazwe pomoni au iwe tupu kabisa, na isafiri ikiwa imesimama, nibu juu.

Hatua ya 5: Betri

Hapa kanuni inageuka. Kitu kinachoweza kuwaka moto kinatakiwa kukaa juu, pamoja na abiria, kwa sababu moto wa betri ya lithiamu ukianzia kwenye kabini wahudumu watauona na kuukabili. Tumboni mwa ndege hakuna wa kuuona mapema. Kwa hiyo betri za akiba na pawabenki ni marufuku kwenye sanduku la chini, kila mahali.

Mpaka unapimwa kwa wati-saa. Chini ya 100 unapita bila kuomba. Kati ya 100 na 160 omba kibali cha shirika la ndege, na usizidishe mbili. Zaidi ya 160 hakuna safari. Kama namba ya wati-saa haikuandikwa kwenye betri, zidisha volti kwa ampea-saa. Pawabenki iliyoandikwa 20,000 mAh ni ampea-saa 20. Zidisha kwa 3.7, unapata wati-saa 74. Betri ya mashine ya kutobolea ya volti 18 na ampea-saa 5 ni wati-saa 90. Basi mashine yenyewe inakwenda chini, betri yake inachomolewa na kupanda nawe juu. Watu wengi hukosea hapa kwa kuviacha vimeshikana.

Funika ncha za betri. Utepe wa gundi juu ya vile vipande vya shaba unatosha, au mfuko wake wa plastiki kila moja. Betri iliyo uchi ikikutana na sindano za chuma ndani ya begi la mfumaji inaweza kupata shoti, na moto huo hautakuwa wa kubahatisha.

Masharti ya pawabenki yamekazwa tangu moto ulioteketeza ndege ya abiria katika kiwanja cha Gimhae, Korea Kusini, Januari 28, 2025. Wachunguzi walisema huenda chanzo kilikuwa pawabenki. Korea Kusini ilipiga marufuku kuziweka kwenye makabati ya juu kuanzia Machi 1, 2025. Emirates ilizuia kuzitumia ndani ya ndege kuanzia Oktoba 1 mwaka huo. Kwa hiyo taa ya kushonea inayotegemea pawabenki siyo mpango mzuri. Beba yenye betri yake ndani, iliyochajiwa kabla.

Bunduki ya gundi ya moto inastahili sentensi zake. Kwenye eksirei ina mpini, ina kifyatulio, ina mdomo. Hata kama hakuna sheria inayoitaja kwa jina, hutaki kuwa mtu anayesimamisha foleni nzima kwa umbo hilo. Chagua ya waya wa umeme na uiweke chini.

Hatua ya 6: Unga na udongo

Marekani inataka unga unaozidi mililita 350, kama ujazo wa kopo la soda, uchunguzwe zaidi, na usipoeleweka ubaki. Australia imeweka kiwango hichohicho kwenye safari za kimataifa kwa unga usiotokana na viumbe hai, kama chumvi na mchanga. Plasta na rangi nyingi za unga za madini ni za kundi hili. Gramu chache za rangi ya unga kwenye kopo lenye lebo yake hazina tabu. Mfuko wa plasta ya kufinyangia upeleke chini, au ununue huko.

Udongo wa mfinyanzi na ule wa plastiki wa kuchoma ovenini haukatazwi, ila unaonekana vibaya. Eksirei hupaka rangi kufuata aina ya kitu: vitu vya asili ya kikaboni huwa vya machungwa, chuma bluu, vya katikati kijani. Bonge la udongo wa plastiki linatokea kama tofali zito la machungwa, na ndivyo vinavyotokea vilipuzi vya kufinyangwa. Likilala karibu na waya za chaja na betri, mkaguzi hana budi kulifungua begi, na ni haki yake. Gawa udongo kwenye vipande vyembamba, uache kwenye karatasi zake za dukani, na uweke mbali na chochote chenye waya. Udongo mbichi wenye maji unaweza kuhesabiwa kama uji mzito na kuingizwa kwenye mililita 100, basi huo uende chini.

Vitu vya ajabu

Filamu za kamera zisiende chini kamwe, kwani mashine za sanduku la chini huziunguza. Juu nako kuna hatari mpya: mashine za CT zinaweza kuiharibu filamu kwa kupita mara moja tu, na Kodak imelionya hilo. Zitoe kwenye vifuko, ziweke kwenye mfuko unaoona ndani, na uombe zikaguliwe kwa mkono kabla trei haijaanza kusogea. Ukishaikuta ndani ya mashine, umechelewa.

Majivu ya marehemu hubebwa juu bila tatizo ikiwa chombo kinapitisha eksirei. Mbao au plastiki ndiyo. Chuma na mawe mazito hapana. TSA hawafungui chombo hicho hata ukiwaomba wewe mwenyewe, kwa heshima ya aliyemo, kwa hiyo kisipoonekana ndani hakipiti. Beba cheti cha kuchomwa mwili, na lile chungu la chuma lisafiri tupu.

Mpira wa kioo wenye maji na theluji ya bandia, ule wa zawadi, Marekani unapita juu ukiwa na ukubwa wa mpira wa tenisi au chini yake na ukiingia kwenye mfuko wa lita moja. Mkubwa zaidi uende chini katikati ya nguo.

Cherehani ndogo TSA inairuhusu juu. Adui wake ni mizani: mashirika mengi yanakomea kilo 7 kwa begi la mkononi, na cherehani ya chuma inakaribia au kupita hapo yenyewe. Ikikubaliwa juu, chomoa sindano na mkasi wake, funga mkono wake kwa kamba usitikisike.

Ala za muziki zina ulinzi wa sheria Marekani. Sheria ya mwaka 2012, ambayo kanuni zake zilianza kazi Machi 2015, inayataka mashirika yakubali gitaa au fidla ndani ya kabini ikiwa kuna nafasi wakati unapanda. Kwa hiyo panda mapema. Nafasi ikishajaa mabegi ya wengine, sheria haimshushi mtu begi lake.

Silaha za maigizo, upanga wa mbao, bastola ya plastiki ya vazi la tamasha: chini zote. Usitanie kuzihusu mbele ya mkaguzi.

Hatua ya 7: Panga begi lieleweke kwa jicho moja

Vifaa vyote vya ufundi vikae kwenye kifuko kimoja kinachoona ndani, juu kabisa ya begi, ili ukiambiwa utoe usimwage nguo za ndani mezani. Vyuma vilale bapa, visirundikane. Sindano kumi zilizopangwa sambamba zinasomeka kama sindano, zikirundikana zinasomeka kama fumbo. Kazi uliyoianza iwe kwenye sindano zake. Kipande cha soksi kinachoning'inia kinaeleza kila kitu kuliko wewe.

Ukiitwa pembeni, usiguse begi. Sema kilichomo kwa jina la kazi yake: "Ni vifaa vya kufumia, afisa, na kuna mkasi mdogo ndani ya ala." Akikataa kitu, uliza kwa upole kama unaweza kumwona msimamizi. Jibu likiwa lilelile, una njia kadhaa: kurudi kaunta ukakiweke kwenye sanduku la chini kama muda upo, kumpa aliyekusindikiza, au kukituma kwa posta pale ambapo kiwanja kina huduma hiyo. Bahasha yenye anwani yako na stempu ndani ya kifuko cha kazi haina uzito wowote.

Hatua ya 8: Mlango wa mwisho, forodha

Mkasi umepita, gundi imepita, ndege imetua. Sasa wanaulizia malighafi yenyewe. Manyoya, mbegu, ukili, magome, ngozi mbichi, pembe na makombe ni vifaa vya ufundi kwako, kwao ni njia ya wadudu na magonjwa. Australia na New Zealand ndizo kali kuliko wote. New Zealand hutoza dola zake 400 papo hapo kwa kitu cha hatari ambacho hukukitaja kwenye fomu. Ukikitaja, kibaya zaidi ni kukichukua. Andika kila kitu, hata kile unachodhani ni cha kipuuzi.

Angalia shanga za mbegu kwa makini. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, za mmea uitwao Abrus precatorius, zina sumu kali na huzuiwa katika nchi kadhaa. Aina nyingi za marijani, gamba la ng'amba na pembe za ndovu vinaangukia CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na kubeba kipande kidogo bila vibali kunaweza kukufikisha mahakamani. Unyoya uliouokota njiani nao una sheria: Marekani inalinda ndege wa porini wengi kwa sheria ya mwaka 1918, hadi manyoya waliyoyapukutisha.

Wachongaji wa mpingo wana jambo lao. Mpingo ni wa jenasi ya Dalbergia, ambayo yote iliingizwa kwenye CITES, spishi nyingi zikiwa katika Kiambatisho cha II, orodha ya viumbe ambavyo biashara yake inadhibitiwa kwa vibali, kuanzia Januari 2, 2017. Kinyago kilichokamilika kimeachiwa, mradi uzito wa mti huo kwenye mzigo usizidi kilo 10, na tangu Novemba 26, 2019 ala za muziki zilizokamilika nazo zimeachiwa. Gogo au kipande ambacho hakijachongwa hakimo kwenye msamaha huo, hata kiwe na ukubwa wa kiganja, kwa hiyo kinahitaji kibali cha kutoka nchini kabla hujafika kiwanjani. Omba risiti inayotaja aina ya mti na kwamba kazi imekamilika, uiweke pamoja na pasipoti.